Kaka Yangu na Mswada wa Madaktari

Niliporudi Morogoro na shahada ya udaktari niliyoisomea nje, nilimkuta kaka yangu ni daktari wa watoto. Yeye alisoma hapa hapa nchini. Tuliishi wote kwa mama, Kilakala, nami nikisubiri kupangiwa hospitali ya kufanyia intanshipu, ule mwaka wa mafunzo ambao bila huo hupati leseni.

Ndipo zikaja habari za mswada: wahitimu wa vyuo vya ndani wapangiwe kwanza, sisi wa nje tugawane nafasi zitakazobaki. Mama alizisikia redioni akichambua mchicha. Alimtazama kaka. Kaka akainuka, akaenda kuongea na simu uani.

Tangu hapo nikawa namchunguza. Nikiingia sebuleni, anafunika kompyuta yake. Rafiki yangu mmoja aliniambia kwamba madaktari walikuwa wameitwa kutoa maoni juu ya mswada ule, na kwamba alimwona kaka akitoka kikaoni. Jioni nilimuuliza alikoshinda. Akasema wodini. Koti lake jeupe lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango tangu asubuhi.

Jumapili moja tulipanda Uluguru kumsalimia bibi. Mvua ikatukamata njiani, tukajibanza kwenye kibanda cha muuza ndizi ambaye hakuwepo. Nikaona hapa hana pa kwenda.

“Kaka, ulisema nini kwenye kile kikao?”

Alikwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, muda mrefu.

“Nilisema wa ndani watangulie.”

Akanieleza kwamba vijana aliowafundisha wodini walikuwa wamekaa tu majumbani, wengine wakiuza makava ya simu, na asingeweza kusema vingine kwa sababu tu mimi ni mdogo wake. Nikamuuliza mbona alinificha. Akasema aliyekuwa akimwogopa ni mama.

Nilimwamini nusu. Mvua ilipokatika tuliendelea kupanda, na kwa bibi tulicheka kama kawaida.

Mswada ulikuwa bado unajadiliwa nilipopangiwa hospitali, kule upande wa Gairo. Kaka ndiye aliyenipigia kunipongeza, kabla mimi mwenyewe sijajua. Nikamuuliza kajuaje. Akasema majina yametoka mtandaoni. Asubuhi yote nilikuwa nahangaika na mtandao huo huo, haufunguki.

Mama alipika pilau siku hiyo. Kaka alinisogezea nyama ya kwenye sahani yake. Niliila, huku namwangalia.