Mshale Uliorudi Podoni

Shule niliiachia darasa la tatu. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwenye magunia ya simenti, na nilicho nacho chote nilikitoa kwenye jiwe. Nilivunja kokoto katika machimbo ya upande wa Ruiru mpaka viganja vikawa kama gamba la kobe, nikafuga nguruwe, nikanunua shamba Gatuanyaga wakati watu wa Thika wakinicheka kwamba nimenunua vumbi. Nasema haya mapema ili ujue lile shamba ni nini kwangu. Ukinitoa hapo umenichuna ngozi.

Mke wangu alipofariki, binti yangu aliyepanga Mwiki alianza kunivuta.

"Baba, huko uko peke yako. Ukianguka nani atakuokota?"

"Nitaokotwa na wenye mikono."

Tukavutana hivyo hadi tukapatana. Nikivuna ngwaci, viazi vitamu vyetu, na maharagwe ya msimu huu, nabaki kwangu. Nikishindwa kama msimu uliopita, nafunga virago naenda kukaa ghorofani kwake, niwe mzee wa kuangalia nguo za majirani zikikauka. Msimu uliopita ngwaci zilikuwa zimechimbwa zote kabla hazijafika ukubwa wa ngumi.

Ng'ambo ya korongo anaishi rafiki yangu. Tulitahiriwa msimu mmoja, kwa hivyo tunaitana wakini, na hilo kwetu si jina la kutupatupa. Alipoachishwa kazi ya ulinzi mjini akarudi nyumbani mikono mitupu, nilikuwa naacha kufuga. Nikampa mtoto jike wa nguruwe wangu mweusi, yule bora. Nikamkata sikio la kushoto mara mbili, alama yangu, nikamwambia, huyu akizaa, wote wako. Alizaa vizuri. Naye wakini akawa anakuja kwangu kila jioni tunywe chai.

Ni yeye aliyekagua ngwaci zangu zilizochimbwa. Alipiga magoti, akashika udongo, akaunusa.

"Nguruwe mwitu hawa, wakini. Wanatoka kule mtoni."

Akamwambia hata mwenyekiti wetu wa nyumba kumi. Kijiji kizima kikajua Gatuanyaga kumeingia nguruwe mwitu.

Msimu huu digidigi nao wakaanza kula maua ya maharagwe. Mimi nina upinde. Nilifundishwa na Mkamba mmoja tuliyevunja mawe naye, mtu wa maneno machache, aliyesema kuachilia mshale ni kazi ya mtoto, kazi ya mtu mzima ni kuurudisha. Kuwinda sheria imekataza, najua, usiniambie. Lakini sheria haikuja kunipandia maharagwe.

Wakini alinishauri juu ya chai yangu.

"Digidigi piga. Anakufa kimya kama muumini. Lakini nguruwe achana naye."

"Na ndiye anayenitia hasara kubwa?"

"Atalia mpaka Thika wasikie. Watu wa wanyama pori waje wakukute na upinde, ulale ndani. Na ukimjeruhi atakurudia. Huo mguu utakimbia nao wapi?"

"Mguu wangu una nini?"

"Una umri wako."

Tulicheka sana. Akasema nguruwe atawaripoti yeye mwenyewe, mimi nitulie. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayenifunika blanketi, kwamba hata nikienda Mwiki nisiwe na wasiwasi, shamba atanilimia. Usiku huo nililala nikimshukuru Mungu kwa marafiki.

Nilikuwa nakaa nyuma ya kichaka cha miiba jua likiwa linashuka, upepo ukinijia usoni. Jioni kadhaa niliona migongo myeusi ikipita mbali katika majani marefu. Niliuma meno nikawaacha, kwa sababu ya ule ushauri.

Jioni ninayoisema, digidigi alitokea. Alisimama kwenye maharagwe, masikio yakizunguka, nami nikavuta uzi. Kabla sijaachilia nikasikia mkoromo. Digidigi akaruka akapotea, na nguruwe wakaingia kwenye ngwaci zangu, jike mkubwa mbele, wadogo nyuma, wakaanza kulima kwa pua.

Mshale ulikuwa bado uzini. Nikawaza. Nikimpiga, atalia, nitashikwa, nitaandikwa mwizi wa wanyama na umri huu. Nisipompiga, ile mistari inaisha mbele ya macho yangu na binti anakuja na gari la kuhamisha vitu. Niliangalia ngwaci moja ikitoka ardhini, ikiwa imeanza kunenepa tu, ikavunjwa kama biskuti. Nikasema wacha wanifunge. Nikavuta mpaka mkono ukagusa shavu.

Wakati huohuo upepo ukageuka. Harufu yangu ikaenda kwao. Nguruwe mwitu akinusa mtu, hata mjinga anajua, hasubiri salamu. Huyu aliinua pua, akanusa, akanijia. Alikuja akitingisha mkia, mdomo umejaa udongo wangu, akasimama karibu kiasi cha kumfikia kwa fimbo. Sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili.

Ng'ambo ya korongo debe likagongwa. Ko, ko, ko. Wote wakainua vichwa kama wanafunzi waliosikia kengele, wakageuka, wakateremka korongoni kwa mstari kwenda kula uji wao.

Nilitamani mtu wa kumpiga, na aliyekuwa mbele yangu alikuwa mnyama anayefuata debe. Nikaulegeza uzi, nikaurudisha mshale podoni.

Wakini akaja kunywa chai kama kawaida.

"Umepata?"

"Bado."

"Na nguruwe?"

"Wamepita."

"Pole, wakini. Niliripoti. Wanasema gari halina mafuta."

Nilimwekea sukari. Alipenda nyingi.

Kesho yake, kabla wakini hajagonga debe lake, nilimwaga maganda ya ngwaci katika banda langu la zamani, nikachukua debe, nikagonga. Ko, ko, ko. Wakaja wote. Nikafunga mlango. Nikampigia simu binti, nikamwita na mwenyekiti wa nyumba kumi, nikasema nimekamata nguruwe mwitu. Majirani wakafuata kutazama. Wakini alifika wa mwisho, anahema.

Mwenyekiti alichungulia bandani. "Mzee, hawa ni wa mwituni kweli?"

"Muulize wakini. Ndiye mtaalamu wao."

Hapa nataka nieleweke. Nilimwachia mlango. Angesema tu, ni wangu, walitoroka, ningekubali mbele ya watu, ningekunywa naye chai ile jioni nikiwa najua. Alimtazama yule jike. Alinitazama mimi. Akasema:

"Ni wa mwituni."

Nikafungua banda. Hawakukimbilia mtoni. Walikata shamba, wakateremka korongo, wakapanda upande wa pili, wakaingia kwake mmoja baada ya mwingine, na sote tukawasikia wakigombania hori. Mwenyekiti alikohoa. Binti yangu alianza kucheka, akaniona uso, akaacha.

Watu walipotawanyika, wakini alibaki amesimama.

"Wewe tangu ujana ni mtu wa kutoa," aliniambia. "Kiatu umenipa. Nguruwe umenipa. Hata chai ninakunywa yako. Umewahi kujiuliza kama mtu huchoka kupewa?"

"Ungekataa."

"Ungenikubalia nikatae?"

"Kwa hivyo ukaona unichukulie shamba?"

"Nilitaka kitu kimoja ambacho hukunipa wewe."

Nilimwambia aende nyumbani kwake. Nimeligeuza lile jibu lake mara nyingi, na kila nikiligeuza naliona lina ukweli kidogo, na kila nikiuona ule ukweli hasira inazidi. Kama alichoka, mdomo alikuwa nao. Kila jioni alikuwa nao, kwenye kikombe changu.

Ngwaci zilizobaki nilizivuna. Hazikuwa nyingi, lakini binti alibeba gunia hadi Mwiki, na habari ya kuhama hakuitaja tena. Digidigi wanakula maua kama zamani, upinde nimeutundika. Pasta amekuja kuniambia habari za kusamehe. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamsindikiza mpaka kwenye lango.

Jioni bado nalisikia lile debe. Nguruwe siku hizi wamefungiwa, hawana pa kutoka, lakini analigonga tu, na muda ni ule ule wa chai. Jirani mmoja ananiambia, mzee, labda anakuita.

Mwache agonge. Mimi si nguruwe.