Bendeji Kwenye Goti la Etyang

Siku yangu ya kwanza thieta, chumba cha upasuaji, nilitapika ndani ya ndoo ya mashuka machafu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya uuguzi juzi tu, nikapangiwa hospitali ndogo ya misheni, na mgonjwa wa kwanza alikuwa mkulima wa Angurai aliyevunjika pia ya goti, yaani ule mfupa wa mbele unaokaa kama kifuniko. Daktari aliunganisha vipande kwa waya, kisha akaukaza waya kwa koleo. Koleo kabisa, kama za fundi wa nyaya. Sista, muuguzi msimamizi wa thieta, alinipa maji nisukutue, akaniambia nirudi ndani kwa sababu waya wa pili ulikuwa bado.

Huyo Sista ndiye aliyenifunza kazi, na alinifunza vizuri. Nyinyi vijana wa thieta za leo mnaingiza kamera nyembamba kupitia tundu dogo, mnatazama goti kwenye runinga, na jioni mgonjwa yuko kwake. Sisi tulilipasua goti wazi. Ndani yake kuna gegedo mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, ndizo meniskasi, na kazi yake ni kupokea uzito wa mwili. Ikichanika moja, goti linakwama. Leo mnaishona, au mnapunguza pale palipoharibika tu. Sisi tuliing'oa. Na ule ukano wa katikati unaozuia mifupa isiteleze, leo ukikatika mnatengeneza mwingine kwa ukano wa paja la mgonjwa mwenyewe. Wakati wetu tulimfunga plasta na kumwambia aachane na mpira. Nikifikiria ni watu wangapi tuliwaambia hivyo, nasikia aibu.

Kalamu ya kuchora alama kwenye ngozi hatukuwa nayo. Asubuhi ya upasuaji Sista alitaka goti lile zima, lisilopasuliwa, lifungwe bendeji, ili mtu asije akakosea. "Yenye imefungwa haiguswi," alikuwa akisema, na akikukuta umesahau siku yako imeharibika. Nilifunga magoti mazima kwa miaka mingi, hadi mikono ikawa inafanya bila kuniuliza.

Kisha nikahamishwa kuja hospitali kubwa zaidi upande wa Busia. Thieta ilikuwa na taa nzuri na daktari wa mifupa mwenyewe, mtu wa haraka, mwenye foleni ndefu ya wagonjwa na hasira fupi. Kile ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba pale bendeji ilifungwa kwenye goti linalopasuliwa. Na mimi sikuuliza. Muuguzi wa miaka yangu aende kuuliza namna ya kufunga bendeji?

Siku ya tatu aliletwa Etyang. Alikuwa akivusha mizigo kwa baiskeli pale mpakani Malaba, magunia yamepangwa hadi yanampita kichwa. Siku moja gurudumu liliteleza, mguu wa kulia ukabaki chini na mwili ukageuka na mzigo wote. Meniskasi ilichanika. Alikuwa amesubiri wiki nyingi, uvimbe ukaisha, kwa hiyo kwa macho magoti yake mawili yalikuwa sawasawa. Aliniambia ana watoto wanne na hajui kazi nyingine isiyotumia miguu. Nilimwambia asijali. Nikachukua bendeji, nikafunga goti la kushoto, lile zima.

Alidungwa ganzi ya mgongo, ile inayoua miguu na kumwacha mtu macho. Kati ya kifua chake na goti tulisimamisha pazia la kitambaa ili asione kisu. Faili iliyoandikwa "kulia" ilikuwa mezani karibu na mlango. Daktari aliingia, akaona bendeji, akaifungua, akapasua. Mimi ndiye niliyempa kisu. Nililiona goti analopasua na bado sikuelewa, kwa sababu nilikuwa nahesabu vifaa.

Alitafuta, akatafuta tena. Kisha mkono wake ukasimama.

"Hii meniskasi ni nzima," alisema. "Nani alifunga hii bendeji?"

Nilijua papo hapo. Mdomo ulikuwa nyuma ya barakoa, na nilishukuru barakoa hiyo, Mungu anisamehe. Nikaendelea kuhesabu vifaa. Halafu sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya upole kabisa.

"Daktari, yangu ni ile ingine."

Wallahi, mpaka leo sijapata kusikia kitu kilichonishtua kama sauti ile.

Daktari alishona goti la kushoto, akapasua la kulia na kufanya kazi aliyotakiwa kufanya. Baadaye alimweleza Etyang mwenyewe kwamba hospitali imekosea, na akaomba msamaha. Hakutaja jina la mtu na hakuuliza tena. Goti la kulia lilipona vizuri. La kushoto, lile ambalo halikuwa na shida yoyote, liliingia usaha, likakauka, likakataa kukunjika. Baiskeli ikaishia hapo.

Tangu siku hiyo sikufunga tena bendeji ya alama kwa mgonjwa yeyote. Nilimwambia kila mmoja aweke mkono wake juu ya goti bovu na alitaje kwa sauti, na wenzangu wakanicheka hadi wakazoea. Walinisifu kwa hilo kwenye sherehe yangu ya kustaafu. Nilikula keki yao.

Mwaka uliofuata nilitoka kwangu Bumala nikaenda Malaba kumtafuta. Nilimkuta karibu na foleni ya malori, anaziba pancha, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kama gongo. Alinitambua kabla sijasema kitu, akanivutia kiti. Nikamwambia yote. Kwamba bendeji niliifunga mimi, kwamba nilinyamaza, kwamba nimekaa na neno hilo hadi nimezeeka.

Alisikiliza huku akipapasa tyubu.

"Nilikuona ukifunga," alisema.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema kwa roho, huyu sista amesoma, lazima iko sababu." Akaweka tyubu chini, akanitazama. "Lakini hebu niambie ukweli. Hiyo asubuhi, mtu wa baiskeli akuambie umekosea. Ungesikia?"

Nilikaa pale nikiyakumbuka macho yangu makali ya siku zile, na haraka yangu, na jinsi nilivyowakatiza wagonjwa waliouliza maswali. Nilitaka sana kusema ndiyo.