Udongo wa Bolumbu

Kwetu Limbonga mtu hazaliwi akaikuta ardhi inamsubiri. Anaibeba. Mto Ngiri ukishajaa unaingia msituni, unaingia majanini, unafika mpaka uvunguni mwa kitanda, na anayelala pakavu ni yule aliyejaza udongo tuta la nyumba yake kiangazi kilichopita. Aliyekaa kiangazi kizima akipiga soga, masika atapiga soga na kambare.

Kazi yenyewe iko hivi. Maji yakishapungua, mwanamume anachimba udongo wa mfinyanzi kule bondeni, mwanamke anaubeba. Anaubeba kwa kikapu, kichwani, tope linamchuruzikia mpaka kifuani, anapanda nao tutani, anaumwaga, anaukanyaga kwa miguu yake, anashuka tena. Hivyo hivyo kiangazi chote. Maji yanarudi, yanalamba pembeni, na mwaka unaofuata tunaanza upya. Mwulize mume wangu mwenyewe, "Tuta hili la nani?" atajipiga kifua: "Langu! Nimelichimba kwa mikono yangu hii!" Mimi husema ukichimba udongo ukauacha pale pale, umechimba shimo tu. Lakini nani amsikilize Ekila? Ekila ana mdomo, wanasema. Haya, ninao.

Bolumbu alikuwa jirani yangu. Tuta lake na langu yalitenganishwa na maji ya kupita mtumbwi mmoja, tuliombana moto bila kupaza sauti. Aliletwa hapa kuolewa akiwa msichana, kutoka kwao juu ya mto, mwembamba, shingo ndefu, mawifi wakamcheka: "Shingo hiyo itabeba nini?" Ilibeba. Alipofika, tuta la mumewe Mondonga lilikuwa kinundu cha kuweka kibanda na mafiga, kuku akipiga mbawa anaangukia majini. Mimi na yeye tulipoanza kuota mvi, lilikuwa tuta refu kuliko yote ya kijiji, lina nyumba, lina jiko, lina kichanja cha kukaushia samaki, lina migomba nyuma na mchikichi mmoja katikati. Mondonga alikuwa mtu mwema, marehemu simsemi vibaya, ila mwema yule alikuwa na mgongo mbovu. Miaka mingi yeye alichimba kidogo akakaa, Bolumbu akachimba na kubeba. Ile shingo ikadidimia mabegani. Utosini pakawa na upara wa kikapu, mviringo kabisa, nywele zikakataa kuota.

Chini ya mchikichi ule walimzika mtoto wao wa pekee, Amba, aliyechukuliwa na surua kabla hajajua kupiga kasia. Kwetu hakuna pengine pa kuzika. Mtu ukimlaza bondeni maji yatamfukua, kwa hiyo kila mwenye tuta anaishi na wafu wake. Bolumbu alipanyanyua pale kuliko kwingine kote. Kikapu cha kwanza cha kila kiangazi kilikuwa cha Amba. Siku moja nilimkuta anakanyaga udongo pale, polepole, huku anaimba kwa ndani.

"Ekila," akaniambia, "mimi nitalazwa hapa. Mwanangu kulia, baba yake kushoto. Nikikutangulia, uwaambie."

"Ukinitangulia, moto nitaomba kwa nani? Hebu kanyaga huko!"

Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Lakini alikuwa anasema kweli, na ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka. Hata kitenge kipya hakuwahi kuomba.

Mondonga akafa mwanzoni mwa kiangazi, kwa ugonjwa wa kifua, tukamlaza upande wa kushoto. Matanga hayajaisha, nikaona mtumbwi umejaa mpaka ukingoni unapinda kuja kwa Bolumbu. Ni Lokwa, mdogo wake Mondonga, na mkewe Mboyo, na sufuria zao, na godoro, na mbuzi wawili wanalia. Lokwa alikuwa na tuta lake upande wa chini, lakini maji yalimtoa kila mwaka, kwa kuwa yeye kazi yake ni kutengeneza nyavu na kusimulia samaki aliowakosa.

"Shemeji, pole sana," akasema, mkono kifuani, sauti yote asali. "Ila tuta hili ni la baba yetu. Kaka hakuacha mtoto. Wewe una ndugu zako huko kwenu, hawatakutupa."

"Tuta la baba yenu lilikuwa la kukaa kuku wawili, Lokwa, na mmoja akae pembeni. Hili nimelibeba mimi."

"Umebeba kwa sababu uliolewa. Mtumbwi unabeba samaki, shemeji. Umewahi kuona mtumbwi ukidai samaki?"

Eti mtumbwi! Mimi nilikuwa ng'ambo ninapara samaki, kisu kikaniponyoka. Bolumbu alichukua kitenge chake akaenda kushitaki kwa mkuu wa kijiji.

Mkuu wetu ni Mzee Epanza, mtu wa pombe ya mawese na vichekesho, ambaye hukumu zake watu huja kuzisikiliza kama ngoma. Kuna sheria huko mjini, nasikia, inamlinda mjane. Mjini ni mbali kwa mtumbwi, na sheria haijui kupiga kasia.

"Binti yangu," Epanza akaanza, "nani alichimba udongo wa tuta lile?"

"Mondonga. Na mimi."

"Mondonga ni wa ukoo wa nani?"

"Wa kina Lokwa."

"Basi! Umejimaliza mwenyewe."

"Na kubeba, Mzee? Kubeba si kazi?"

"Aa, kubeba!" Akafuta povu la pombe mdomoni, akawatazama watu, nikajua kichekesho kinakuja. "Kubeba hatukunyimi. Ulichobeba ni chako. Kibebe tena, uende nacho!"

Lo, watu waliangua kicheko! Wazee meno nje, Lokwa anapiga mapaja. Bolumbu akangoja mpaka wakaishiwa pumzi.

"Umesema mbele ya watu, Mzee?"

"Nimesema!"

"Asante."

Asubuhi yake nikasikia jembe. Nikachungulia. Bolumbu alikuwa nyuma ya migomba, anakata ukingo wa tuta, anajaza kikapu, anashuka nacho kwenye mtumbwi wake. Mtumbwi ukijaa anausukuma kwa upondo mpaka mahali palipo wazi nyuma ya kwangu, penye kisiki, anaumwaga udongo pale, anarudi.

Lokwa akatoka na kikombe mkononi. "Shemeji, unafanya nini?"

"Nabeba."

"Unabeba nini?"

"Mwulize Mzee Epanza. Mlicheka wote."

Lokwa akakimbilia kwa Epanza. Lakini kwetu neno la hukumu likishatemwa mbele ya watu halimezwi, na Epanza alijua hilo kuliko yeyote. Akasema, "Mwacheni, atachoka. Kibibi mmoja, tuta zima? Thubutu!" Hawakumjua. Walimwona miaka yote akipita na kikapu kichwani, na hawakumwona.

Alibeba kiangazi chote. Migomba ikaanguka mmoja mmoja, kichanja kikaenda, ua ukapungua, ua ukashuka. Mboyo peke yake ndiye aliyeingiwa na hofu. Nilimsikia akimwambia mumewe, "Baba, tunaliwa chini," na Lokwa akamjibu, "Tulia, mama, anatusawazishia ua." Hakushika jembe hata mara moja kuziba palipochimbwa. Nani angembebea? Mboyo alikuwa na mimba changa, na yeye Lokwa mwanamume, hawezi kubeba kikapu, atachekwa.

Nilivuka kwenda kumsema Bolumbu. "Mama Amba, sikia. Tuta ni moja. Ukiligawa hupati mawili, unapata kasoro mbili."

"Najua."

"Sasa?"

"Wameniita mtumbwi, Ekila." Akajitwika kikapu. "Kama mimi ni mtumbwi, basi mzigo ukishushwa, wasikae juu yake wakanicheka."

Nilikasirika kwa niaba yake, nikamkasirikia na yeye pia.

Sehemu moja tu hakuigusa. Aliizunguka na jembe kwa mbali, akaiacha ilivyo. Kiangazi kilipokuwa kinaisha, makaburi ya Mondonga na Amba yalisimama katikati ya ua kama nundu, mchikichi juu yake, na nyumba, ambayo sasa ni ya Lokwa, imekaa chini pembeni. Nyuma ya kwangu, penye kisiki, Bolumbu alikuwa na lundo jipya na kibanda cha majani. Kila jioni alilikanyaga, lakini udongo wa kiangazi kimoja si udongo wa maisha.

Zamani tuliijua mvua. Ilikuja kwa wakati wake, maji yakapanda kwa wakati wake, hata watoto walijua lini mitego iwekwe. Siku hizi mvua imekuwa mgeni mlevi, haipigi hodi, na ikishaingia haitoki. Mwaka ule ilianza mapema, ikapiga mfululizo, na maji yakaipita alama niliyoichonga kwenye nguzo ya jiko. Yakaja mpaka kizingitini mwangu yakakaa hapo, yananichungulia kama mtu nikipika.

Lundo la Bolumbu liliyeyuka kama chumvi. Kibanda kikainama, kikaenda na maji. Nyumba ya Lokwa ikajaa mpaka kitandani, mbuzi mmoja akazama. Nikamwona Bolumbu anakuja na mtumbwi wake, ndani kuna mkeka na chungu, anaufunga kwenye mchikichi, anapanda, anakaa juu ya kaburi. Haikupita muda Lokwa na Mboyo wakafika, maji kiunoni, mbuzi aliyebaki yuko mabegani kwa Lokwa. Hapakuwa na pengine pakavu kwenye tuta lile lote.

"Shemeji," Lokwa akasema, "tusogeleane kidogo."

"Karibuni," Bolumbu akasema. "Hapa sikuchimba."

Wakakaa pale, watu watatu na mbuzi juu ya wafu wawili, moto mmoja, majani ya mchikichi ndiyo paa. Lokwa hakusimulia samaki yeyote. Mboyo na Bolumbu walipika chungu kimoja. Nilivuka kila nilipoweza, na kipande cha kwanga, mkate wetu wa muhogo, na samaki, na mdomo wangu. Nilipopita kwa Mzee Epanza, ambaye tuta lake ni refu na limejazwa na wake watatu, nilimwambia, "Mzee, hukumu yako inaelea kule, nenda ukaitazame." Akajifanya hasikii.

Baridi ya maji ikamwingia Bolumbu kifuani. Alikohoa, akapata homa, akakataa kuvuka kuja kwangu. "Nikitoka hapa sitarudishwa," alisema. Nilimnywesha mchuzi wa samaki kwa kijiko.

"Ekila, usisahau uliloambiwa."

"Sisahau. Kunywa, acha maneno."

Alikufa maji yakiwa bado juu. Nilimfunga kidevu mimi mwenyewe, kisha nikawageukia Lokwa na Mboyo. Nikasema, alitaka kulala hapa hapa, mwanawe kulia, mumewe kushoto.

Lokwa akaangalia chini. "Dada, tukifukua hapa, sisi tutakaa wapi? Halafu mjane asiye na mtoto hurudishwa kwao. Sikuanzisha mimi."

Mzee Epanza akatuma neno kwamba Lokwa kasema kweli. Wakaja vijana wawili kutoka juu ya mto, watoto wa kaka yake Bolumbu. Wakafunua kitenge, mmoja akaniuliza, "Mama, huyu ndiye shangazi?" Hawakuwahi kumwona. Walimlaza kwenye mtumbwi, wakaenda kumzika kwenye tuta ambalo hakulipelekea hata kikapu kimoja. Nilipiga kelele, nilitukana, niliwataja Lokwa na Epanza kwa majina yao na ya baba zao. Mdomo wangu wote huo, siku ile haukufaa kitu. Nililia mpaka nikakauka.

Maji yalipopungua, Lokwa akashika jembe. Akaenda penye kisiki, kwenye kilichobaki cha lundo la Bolumbu, akachimba udongo ule ule ili urudi tutani. Akachimba kidogo akachoka. Mboyo, mtoto mchanga mgongoni, ndiye anayeubeba. Kila siku anapita mbele yangu na kikapu, tope linamchuruzika, na juzi nikaona utosini pake nywele zimeanza kupungua.

"Beba vizuri," nikamwambia. "Siku moja utaambiwa hukubeba."

Akasimama, mkono mmoja kwenye kikapu, akanitazama. "Nani ataniambia hivyo, dada?"

Kule juu Lokwa alikuwa amekaa kivulini, chini ya mchikichi, anatengeneza wavu na kupiga mluzi. Nilitaka kumjibu Mboyo. Lakini mume wangu alikuwa ananiita kutoka shimoni, na kikapu changu kilikuwa kimeshajaa.