Mwaliko wa Tatu

Katika mji anakoishi Verlene Tollefson, kule Minnesota, watoto wa shule hupewa wiki moja mwishoni mwa Machi inayoitwa likizo ya majira ya kuchipua. Hakuna kinachochipua. Theluji bado imelala hadi kwenye kingo za madirisha, ziwa limeganda kiasi cha kuegesha lori juu yake, na wanaume wamekaa katikati ya ziwa hilo wakivua samaki kupitia tundu. Ndiyo maana kila mwenye uwezo huitumia wiki hiyo kukimbilia pwani ya Florida, kisha hurudi na pua iliyobambuka kwa jua. Pua hiyo huvaliwa kanisani Jumapili kama nishani.

Verlene alikuwa amezitazama pua za wenzake kwa miaka mingi. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mpana wa mabega, aliyezaliwa mtaa wa pili kutoka pale alipokuwa akiishi. Bahari hakuwa ameiona. Wiki ya likizo alipewa kama watoto, naye aliitumia kusugua jiko. Duane, mumewe, hakuwa mtu wa safari. Aliwahi kwenda Chicago mara moja, na bado aliizungumzia kwa masikitiko.

Mwaka huu Corinne Haugen alipewa na kaka yake funguo za nyumba ndogo ya ufukweni. Corinne alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na shoga yake Verlene tangu walipokuwa wote kwenye kwaya ya watoto, wakiimba kwa sauti ambazo umri haukuja kuzirekebisha. Habari aliitoa katika jiko lililo chini ya kanisa, akina mama wakiosha vyombo baada ya chakula cha msiba.

"Vitanda viwili," alisema huku akifuta sahani. "Kimoja changu. Twende, shoga."

Moyo wa Verlene uliruka. Mdomo wake, uliolelewa vizuri, ulisema, "Aa, mimi? Hapana. Nani atampikia Duane?"

Msomaji asimsikitikie mapema. Hilo ndilo jibu lenyewe. Kule mtu hukataa mwaliko wa kwanza ili asionekane mroho. Wa pili huukataa kwa sauti ya chini kidogo, ili mwenyeji apate nafasi ya kujuta. Wa tatu ndio huupokea, kwa kusema, "Basi, ikiwa haitawasumbua." Hata kipande cha mwisho cha keki huliwa kwa utaratibu huo, na vingi vimekaukia mezani.

Jumatano Corinne alipiga simu. "Kile kitanda bado kipo."

"Nitawasumbua bure," alijibu Verlene, kwa ile sauti ya chini kidogo.

Alipokata simu aliagiza vazi la kuogelea, la buluu, lenye maua. Lilipofika alilificha ndani ya friza, chini kabisa, chini ya nyama ya kulungu ya msimu uliopita, mahali ambapo Duane hajapata kufika. Kisha alikaa kungoja mwaliko wa tatu.

Hapo katikati akaingia Denise Pagano, mke wa daktari mpya wa meno. Walikuwa wamehamia msimu wa kupukutika majani, wakitokea New Jersey. Jumapili, kwenye vigingi vya makoti pale kanisani, Corinne alimwambia nafasi ipo, kwa adabu tu, kama mtu anavyomwambia mpita njia karibu chakula. Jioni yake Corinne alifika kwa Verlene akiwa na uso wa mtu aliyegonga mbwa wa jirani.

"Amekubali," alisema.

"Mara ya ngapi?"

"Ya kwanza!"

"Ya kwanza?" Verlene alivuta kiti. "Pengine hakukusikia vizuri."

"Verlene, alinikumbatia."

Hakuna kati yao aliyewahi kuona jambo la namna hiyo, na hakuna aliyejua linavyotenguliwa.

"Basi, vizuri sana," alisema Verlene mwishowe, akainuka kwenda kufuta meza iliyokuwa safi.

Kuanzia siku hiyo wivu ulihamia kwake na kupewa chumba. Haukuwa wivu wa makelele. Ulimkalisha tu kwenye meza ya kahawa pale kanisani, akatazama vichwa viwili vikiinamia ramani moja. Denise alikuwa na kandambili mpya, akazivaa juu ya soksi za sufu ili azizoee. Denise alitaka kula kamba kila siku. Denise alisema neno kuhusu mchungaji, na Corinne akacheka kile kicheko cha kukoroma kwa pua, ambacho Verlene kwa miaka yote aliamini ni mali yake.

"Mama Verlene," Denise alimgeukia, "wanasema una lile boksi kubwa la kuwekea barafu. Utatuazima?"

"Bila shaka." Jina lake lilikuwa limebandikwa chini ya boksi kwa utepe. Angalau jina lingeiona bahari.

"Na wewe mwenyewe hupendi kuja?"

"Aa, mimi niko sawa tu."

"Sawa," alisema Denise, akauliza barafu inakaa juu au chini.

Usiku ule Verlene alimwombea Denise. Hakuomba jambo baya. Aliomba mafua, tena ya kawaida.

Siku moja kabla ya safari alirudi nyumbani akakuta lile vazi la buluu limesimama mezani. Limesimama kweli, kwa kuwa lilikuwa limeganda. Duane alikuwa ameketi mbele yake akinywa kahawa.

"Hii si kulungu," alisema Duane.

"Nalijua hilo."

"Unataka kwenda."

Verlene alivua glavu polepole. "Wanaokwenda wamepatikana. Watu wenye kandambili."

"Mwambie Corinne unataka."

"Nimwambieje, na hajaniuliza mara ya tatu?"

"Ah," alisema Duane, ambaye alizaliwa mji huohuo, akaona uzito wa jambo. Alilibeba vazi, akalianika karibu na jiko la kuni.

Kulipokucha, gari la Corinne lilisimama mbele ya nyumba kuchukua boksi. Denise alikuwa kiti cha mbele, miwani ya jua usoni, nje theluji ikianguka. Verlene alitoka na trei ya vikeki vya limau vya njiani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Corinne aliteremsha kioo. Alitazama vikeki, akatazama koti.

"Kuna sofa pia," alisema. "Inakunjuliwa."

Verlene aliingia kwenye hesabu ngumu. Mialiko miwili ya kwanza ilihusu kitanda. Sofa ilikuwa habari nyingine. Dhamiri ilimwambia aanze upya.

"Aa, nitawabana."

Corinne alizima injini.

"Amesema hataki," alisema Denise. "Funga kioo basi, joto linatoka."

"Subiri. Shoga, sofa iko pale bure, hailaliwi na mtu."

"Pengine mtataka kuwekea mizigo."

"Jamani!" Denise alivua miwani. "Kwani huyu mama anaulizwa mara ngapi?"

"Tatu," alisema Duane kutoka barazani. Hakuna aliyemuuliza. Mkononi alikuwa ameshika begi la mkewe, ambalo si mkewe aliyelipanga.

Corinne alifungua mlango, akashuka, akasimama kwenye theluji kwa viatu vyake vya ufukweni. "Verlene, njoo."

"Basi," alisema Verlene. "Ikiwa haitawasumbua."

Alipanda nyuma, akabanwa na boksi lake mwenyewe. Jimbo zima lilipita akitazama kisogo cha Denise. Denise alichagua redio. Denise alimmenyea Corinne chungwa, akamlisha kipande kwa kipande. Kicheko cha kukoroma kilisikika kabla hawajavuka mpaka. Verlene aliyekuwa akielekea baharini kwa mara ya kwanza maishani hakuifikiria bahari hata kidogo.

Iowa, jimbo la jirani, walisimama kujaza mafuta. Denise alirudi na kahawa mkononi, akafungua mlango wa mbele, akageuka.

"Verlene, utakaa mbele?"

Lile "Aa, mimi?" lilikuwa tayari ulimini, limevaa na kuchana nywele. Verlene alikitazama kiti. Lilikuwapo ganda la chungwa juu yake.

"Ndiyo," alisema.

Corinne, aliyekuwa akifunga kifuniko cha tangi, alimtazama kama mtu aliyemwona mama mchungaji akitia kijiko cha kanisa mfukoni. Denise hakuona ajabu yoyote. "Sawa," alisema, akapanda nyuma.

Basi Verlene akakaa mbele. Alishika redio, akamenya chungwa, akapulizwa na hewa ya moto miguuni. Walipokwenda kitambo kidogo aligeuka kumwangalia Denise anavyoteseka. Denise alikuwa amenyoosha miguu juu ya boksi, amelalia koti la Verlene la kanisani, kinywa wazi, usingizi mzito wa mtu asiyewahi kungoja kuulizwa.

Verlene alitazama mbele tena, barabarani. Kiti kile cha nyuma, sasa alipokifikiria, kilikuwa na nafasi nzuri zaidi.