Bahari ya Baba Mdogo Yapigwa Msasa

Baba mdogo, wakala wa mizigo hapa mpakani Tunduma, alirudi kutoka Lusaka na picha ya rangi ya mafuta, kubwa kama mlango. Ilikuwa pwani usiku wa mbalamwezi: bahari ya buluu na zambarau, mwezi wa manjano, rangi imepakwa nene mpaka imetuna. Muuzaji alimwambia ni mtindo wa wachoraji wa zamani wa Ulaya, waliochora wanavyohisi badala ya wanavyoona. Akaitundika sebuleni, juu ya televisheni, na kila mgeni alilazimika kuhisi kwanza ndipo apewe chai.

Nilikuwa nakaa kwao, nafundisha sekondari. Mgeni akikwama, baba mdogo aliniita: "Mwalimu, hebu mweleze." Nami nilieleza, kwa kujiamini sana, mambo niliyokuwa nimetoka kuyasoma kwenye simu.

Siku moja wakaja wazee kutoka Ileje kumposa binti wa baba mdogo. Mmoja aliitazama picha, kisha akauliza kwa upole, "Fundi alifariki kabla ya kupiga lipu?"

Mama mdogo alipata aibu mpaka akasahau kukaribisha chakula. Mumewe aliposafiri tena, akaniambia, "Mwanangu, kaniitie yule fundi anayechora mabango ya saluni. Wale wazee wanarudi Jumamosi."

"Mama, hii ni sanaa. Yale mabonge yamewekwa makusudi."

"Makusudi ya nani? Anayefuta vumbi ni mimi."

Fundi alikuja na msasa. Alisugua mawimbi asubuhi nzima, vumbi la buluu likitua kwenye makochi, kisha akapaka rangi ya kung'aa. Mwezi aliuchora upya kwa kuzungushia brashi sahani ya chai. Kwenye mchanga, alipoona pamebaki wazi, akaandika KARIBUNI kwa herufi nyekundu zenye kivuli.

Nilimwambia ameua hisia zote. Akanijibu kwamba hisia bado zimo, ila sasa hazikwaruzi.

Jumamosi wazee waliisifu picha kabla hata ya kuketi. Baba mdogo alirudi safari mazungumzo yakiendelea, akasimama mbele ya picha.

"Haya maandishi yalikuwepo?"

"Yalikuwepo," mama mdogo akasema. "Yalifunikwa na rangi. Tumeyasafisha tu."

Baba mdogo akanigeukia mimi, msomi wa nyumba. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku hizi huwaonyesha wageni neno lile kwa kidole. "Mzungu wa watu," huwaambia, "tangu enzi zile, na Kiswahili alikijua."