Pindo la Joho Jeusi

Alhamisi, tarehe 30 Oktoba, saa kumi na robo alasiri, nilivuta mkoba ulio chini ya kitanda changu nikakuta vazi langu la Halloween limekunjwa. Mimi sikunji kitu. Mwaka jana nililisokomeza mle vilevile, na chokoleti imeganda kwenye mkono wake.

Nikalitandaza kitandani. Ni joho jeusi lenye kofia ya kufunika uso iliyoshonewa shingoni, nililinunua sokoni Walthamstow nikiwa na miaka kumi na mmoja. Lilikuwa refu mno, nikapandisha pindo mwenyewe kwa uzi wa bluu, mishono ya kutia aibu. Sasa uzi wa bluu haukuwepo. Pindo limeteremshwa na kupigwa pasi. Chokoleti imefuliwa.

Niseme ukweli. Halloween, jioni ya watoto kujivika kama mizimu na kuomba pipi mlango kwa mlango, naipenda tangu nina miaka sita, na nyumbani kwetu hapa Edmonton, Uingereza, imekatazwa. Mama, na shangazi anayekaa nasi, ni watu wa maombi. Kila tarehe 31 Oktoba shangazi huenda kanisani kukemea giza, mama huwa kazini, na mimi hupita uani kwenda kwa bibi Mwingereza wa nyumba ya pili, ambaye magoti hayamruhusu kufungua mlango kila dakika. Namsaidia kugawa pipi zake kwa watoto wanaobisha hodi. Mle ndani ya kofia hakuna anayeniona uso, basi naongea. Nawatania, nawatisha, nawauliza kama mama zao wamewaruhusu. Darasani nikiitwa jina tu, sauti inakwama. Jioni hiyo moja ndiyo yangu, na sasa kuna mtu alikuwa ameitia mkono.

Kwanza nilimshuku shangazi. Jumapili mchungaji aliagiza kila nyumba ilete vitu vya giza siku ya Ijumaa viombewe na kutupwa, na shangazi aliitikia amina huku akinitazama mimi. Lakini shangazi ni mfupi kuliko mimi, pindo la nini kwake? Halafu mtu anayekwenda kutupa joho halipigi pasi. Nilikagua hata daftari hili ninaloandikia siri zangu kama limesogezwa. Halikusogezwa. Au lilirudishwa vizuri.

Nikaingiza mkono mfukoni mwa joho. Mlikuwa na peremende moja isiyo na sukari, zile mama anazowabebea wazee anaowatunza kazini.

Mama alikuwa jikoni anapika sombe, majani ya muhogo, amenipa mgongo. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Baada ya muda akaniuliza tena kama nimekula. Hapo nikajua kwamba na yeye ananishuku.

"Mama, nani alifumua pindo?"

"Pindo gani?"

Nikaweka peremende mezani. Akapunguza moto. Akaeleza, polepole, kwamba joho alilikuta mwezi wa nane akitafuta shuka, akakaa kimya akingoja niseme mwenyewe. Sikusema. Na kazini, kumbe, kila mwaka siku ya Halloween wanavaa mavazi kama hayo ili kuwachangamsha wazee. Mwaka jana yeye alijifunga mfuko mweusi wa taka. Ndiyo maana tarehe 31 haachi kuomba zamu ya jioni, na mimi miaka yote nilidhani ni bahati yangu.

Nikamwambia angeniomba tu. Nilisema kwa Kiingereza, kama ninavyomjibu siku zote; yeye akajibu kwa Kiswahili cha kwao.

"Nikuombe namna gani? 'Mutoto, nipe nguo ya shetani nivae'? Mimi mwenye nilikukataza?" Alicheka, kisha akakumbuka shangazi yuko sebuleni, akashusha sauti. "Kuko mama mumoja kule hasemaka na mutu yeyote. Mwaka jana aliona ule mufuko, akacheka mpaka machozi. Ningerudisha Jumamosi, haungejua."

"Nalihitaji kesho jioni."

"Na mimi."

Shangazi akauliza kutoka sebuleni tunanong'ona nini. Mama akajibu tunaongelea chumvi.

Nikamuuliza kama na kofia ataivaa. Akatikisa kichwa. Wazee wake wanaogopa mtu asiye na uso, alisema, wengine wanaanza kulia. Kisha akaonja sombe na kusema chumvi kweli imepungua.

Sikumwamini sana. Nililala na joho chini ya mto.

Asubuhi, shangazi akiwa bafuni, nilichukua mkasi mdogo wa kucha nikafumua kofia kutoka kwenye joho, mshono mmoja mmoja, nikikaza sikio mlangoni. Joho nililitundika chumbani kwa mama, juu ya sare yake ya kazi, na peremende nikairudisha mfukoni. Kofia nikaikunja vizuri na kuisukuma ndani ya mkono wa jaketi langu la shule, mahali ambapo hata yeye hatafuti shuka.