Bei ya Velo ya Kunolea Visu

Mwezi uliopita nilipanda hadi Bagira kwa mama kuuza baiskeli ya baba, velo yake. Nakueleza wewe kwa sababu uliijua tangu utoto wetu: ile nyeusi, nzito, ya wakati wa Wabelgiji, yenye jiwe la kunolea visu nyuma ya kiti. Mama anahamia Nyantende kwa dada yake, maana mvua zimekula kilima hadi karibu na ukuta wa jiko, na pesa ya velo ndiyo ingenunua mabati ya nyumba ndogo anayojijengea kule. Kutaja bei aliniachia mimi. Nilikubali kama mtu anavyokubali kikombe cha chai.

Ilikuwa imeegemea ukuta. Niliitazama, na moyo haukusema kitu. Tangu tumzike baba niko hivyo: nakula, nalala, najibu salamu. Nikagusa jiwe kwa kidole. Lilikuwa kavu.

Zamani halikukauka. Baba aliinunua velo ikiwa ya kupanda tu, akaichomelea vyuma, akatoboa fremu, akafunga jiwe na mkanda alioukata kwenye mpira wa gari. Akifika uani kwa watu aliisimamisha kwenye stendi yake ya chuma, akakaa kitini, akapiga pedali, na badala ya velo kwenda, jiwe likazunguka. Kazi yangu ilikuwa kulidondoshea maji kwa kopo la maziwa. Bado naikumbuka harufu ya chuma kilicholowa, cheche zikiniuma mikono, na akina mama wakitoka na visu vya jikoni, mapanga na majembe, huku sambaza, vile visamaki vya ziwani, zikikaangwa nyumba ya pili na tumbo langu likilalamika. Wengine walilipa kwa ndizi, na hao niliwapenda zaidi. Jirani mmoja hakuchoka kumtania baba kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Baba alicheka: "Basi miye niko mubaya kabisa, kila asubui najitembeza!"

Kazi yangu nyingine ilikuwa kusukuma. Kile kilima cha kutoka kwetu kwenda barabarani unakijua. Baba alishika usukani, mimi nyuma, mikono miwili kwenye chuma cha jiwe, kichwa chini, naona visigino vyake na tope jekundu basi. Nikilegea kidogo, uzito wa jiwe uliirudisha velo kifuani kwangu. "Usiiache," alisema bila kugeuka. Hatukuongea lingine hadi juu.

Majirani wakitaka kuuziana velo, walimwita yeye awaamulie bei. Alikuwa na utaratibu wake. Mwenye velo anataja kwanza ugonjwa wa velo, ubovu wake wote, mnunuzi akisikia. Kisha wanatafuta bei ya nyingine ya umri ule iliyo nzima, wanatoa ugonjwa. La mwisho ndilo liliwakasirisha wengi: "Kile uliongeza kwa ajili ya kazi yako, mwenzako hatakilipa." Kuna waliobeba velo zao wakaondoka wakinung'unika, wakarudi wiki iliyofuata.

Mnunuzi alifika asubuhi, kijana wa Luvungi, kule uwandani ambako velo hubeba miwa na mihogo. Aliizunguka, akaminya magurudumu.

"Miye nataka velo tu, maman. Ile jiwe sina nayo kazi," aliniambia.

Nikaanza na ugonjwa. Uma wa mbele umepinda. Gurudumu la nyuma linayumba. Fremu imetobolewa pale jiwe lilipofungwa, na kutu itaanzia hapo. Kijana akanitazama kama anayetafuta mtego uko wapi. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni, alisimamisha kisu. Nikataja bei ya velo kuukuu, nikiwa nimetoa ugonjwa wake. Jiwe, vyuma, mkanda, jasho la miaka yote ile, sikuviweka.

"Na ile kazi yote ya papa yako?" mama akauliza.

"Maman, yeye mwenyewe angesema hivi."

Alirudi kumenya ndizi. Nilijua anayahesabu mabati kichwani.

"Ni kweli, angesema hivi," alisema mwishowe. "Chumba itapata mabati. Jikoni itangoja."

Kijana alilipa bila kubishana. Akafungua jiwe kwa spana, akalilaza kando ya mlango.

Siku hizi Bagira hakuna anayepita kunoa. Visu ni vya sokoni, vyembamba, kimoja kikigoma kukata unanunua kingine. Ile sauti ya chuma juu ya jiwe, iliyotutoa sote nje, watoto wa pale hawaijui, wala hawana sababu ya kuililia. Kama ningewaeleza wangesikiliza kwa adabu, kisha wangerudi kucheza.

Lakini wakati ule sikuwaza hayo. Kijana alishika usukani akaanza kupanda kilima, na miguu yangu ikanipeleka nyuma yake bila kuniuliza. Nikainamisha kichwa. Nikaweka mikono miwili nyuma ya kiti, nikasukuma kwa nguvu ile ile niliyoizoea utotoni, nguvu ya jiwe. Velo ikaruka mbele. Nikaanguka topeni kwa magoti na viganja.

"Pole, maman!" kijana aliita. "Haiko tena na uzito!"

Sikuinuka upesi. Nililia palepale, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na velo ikaendelea kupanda.